Aliyeingia msituni na aliyebaki kambini: safari ya Lari, Murang'a na Nyeri

Jumatatu, Nairobi hadi Kimende

Tumetoka Nairobi mapema na Mwalimu. Nitamwita hivyo tu, maana njia nzima hakuna aliyemwita vingine. Alifundisha historia shule za upili hadi akastaafu, na anapozungumza huachia usukani, jambo lisilopendeza ukishaanza kuona Bonde la Ufa likifunguka upande wa kushoto.

Mimi ni mtu wa Pwani. Vita vya Mau Mau, waasi wengi wao Wakikuyu waliopigania ardhi na uhuru miaka ya 1950, nilivisoma darasani kama walivyovisoma wengi: huku Mwafrika, kule Mzungu, katikati vibaraka wachache wa kuzomewa. Mwalimu anasema historia hiyo inatosha kwa mtihani, lakini ukiingia nayo kijijini utarudi hujaambiwa kitu. Amenipa hesabu moja ya kuanzia. Katika miaka yote ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa 20 Oktoba 1952, Wazungu raia waliouawa walikuwa 32. Waafrika waliohesabiwa kuwa watiifu kwa serikali na wakauawa na Mau Mau walizidi 1,800. Wapiganaji na washukiwa wa Mau Mau waliouawa, kwa takwimu za serikali yenyewe, walizidi 11,000, na wengine 1,090 walinyongwa. Waliokuwa wakiwawinda, wakiwataja na kuwalinda vizuizini wengi wao walikuwa Wakikuyu wenzao. Kikosi cha homgadi, yaani walinzi wa vijiji waliokuwa upande wa serikali, kilipita watu 20,000.

Kwa hiyo swali tunalobeba ni hili: mtu wa shamba dogo, asiyejua Gavana Baring ni nani wala hajawahi kumwona Kenyatta, aliamuaje pa kusimama?

Mchana tumefika kwa bibi mmoja karibu na Kimende, katika eneo la Lari. Mwalimu anamwita Cucu, nami nikafuata. Usiku wa 26 Machi 1953 alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo anayoyajua aliyapata kwa mama yake. Jioni ile homgadi waliitwa upande wa pili wa lokesheni kutazama maiti iliyokuwa imeachwa huko. Walipokuwa mbali, makundi yakapita nyumba hadi nyumba. Milango ikafungwa kwa nje, mapaa yakachomwa, na aliyetoka dirishani akakutana na panga. Zaidi ya watu 70 walikufa, wengi wakiwa wanawake na watoto. Kisha kukapambazuka na kisasi: homgadi na polisi wakaua watu ambao hesabu yao haikuwahi kuandikwa kwa uaminifu, na inawezekana walizidi wale wa usiku. Baadaye mahakama zikapeleka watu 71 kwenye kitanzi.

Nimemuuliza Cucu kwa nini nyumba hii ilichomwa na ile ya jirani ikaachwa. Mwalimu akatafsiri. Akajibu kwa kuonyesha kwa kidole: mpaka wa fulani ulipita pale, wa fulani ukaishia kwenye ule mti. Nikauliza tena, safari hii kuhusu Mau Mau. Akarudi kwenye mipaka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ananijibu.

Jumanne, Tigoni

Leo ni majani ya chai, kilima baada ya kilima, kijani kilichokatwa sawasawa. Tumekuja kwa sababu Lari ilianzia hapa.

Tigoni ilikuwa ardhi ya Wakikuyu iliyobaki kama kisiwa ndani ya mashamba ya walowezi, na serikali ilitaka kukiondoa kisiwa hicho. Ikatoa ardhi mbadala huko Lari. Luka Kahangara, mzee mwenye ukoo mkubwa, alikubali kuhama kuelekea mwaka 1940 na baadaye akafanywa chifu. Waliokataa walifukuzwa kwa nguvu, nyumba zao zikateketezwa, wakabaki bila Tigoni na bila Lari. Kule Lari nako palikuwa na watu waliosema ardhi ile ni yao tangu zamani. Basi kwa zaidi ya miaka kumi Luka alilima mbele ya macho ya watu waliomhesabu kuwa aliuza kisichokuwa chake. Usiku ule wa Machi yeye na watu wa nyumbani kwake walikuwa wa kwanza kutafutwa.

Hapa Mwalimu alisimamisha gari ili aongee vizuri, nami nikashukuru.

Ardhi ya Wakikuyu, alisema, ilishikwa na mbari, yaani ukoo wa waliofyeka msitu kwanza. Asiye na ardhi aliomba kwa mwenye nayo akapewa pa kulima. Huyo aliitwa mhoi. Hakulipa kodi kubwa. Alitoa heshima, pombe ya muratina siku za shughuli, na mkono wa kazi. Mhoi mwenye bidii angeweza kuoa, kupata mbuzi, siku moja akajitegemea. Mambo yalibadilika ardhi ilipoanza kuwa na bei. Mwenye mbari akataka kupanda mwenyewe, akakumbuka ghafla kwamba mhoi ni mgeni. Wakaenda baraza la chifu, na chifu alikuwa nani kama si mwenye mbari mwenziwe?

Wakati huohuo, kule Bonde la Ufa, walowezi walikuwa wakiwabana maskwota wao, yaani Waafrika walioishi na kufanya kazi kwenye mashamba yao. Kabla ya vita kuu ya pili familia iliweza kufuga ng'ombe na kulima kipande chake kwa malipo ya siku kadhaa za kazi. Baada ya 1945 siku zilipanda hadi kupita 200 kwa mwaka, na mifugo ikapunguzwa kwa amri. Huko Olenguruone, watu waliopewa makazi na serikali mwaka 1941 wakaambiwa sheria zimegeuka, wakagoma, wakala kiapo cha umoja wanaume kwa wanawake na watoto, na kufikia 1950 wakatolewa. Waliporudi kwao Kiambu na Nyeri hakukuwa tena na kwao.

Kijana wa miaka ishirini na mitano katika hali hiyo hana shamba, na asiye na shamba haoi, na asiyeoa si mtu mzima mbele ya wazee. Nimeanza kuona kwamba neno uhuru lilipofika masikioni mwake, alilisikia likiwa na ekari ndani yake.

Nikasema basi jambo ni rahisi: walalahoi msituni, matajiri kwa serikali. Mwalimu akawasha gari. "Ngoja tufike Nyeri," akasema.

Jumatano, Murang'a

Tumeingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Msingi wake uliwekwa mwaka 1955, vita vikiendelea, kuwakumbuka Wakristo waliouawa. Nilijua nitaona michoro ya ukutani ya Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu kule Kilimanjaro, lakini sikuwa tayari. Kristo ni Mwafrika. Anazaliwa, anabatizwa na anasulubiwa katika vilima hivihivi tulivyovipita asubuhi. Mchoraji alikuwa kijana, na aliifanya kazi hii miaka ambayo kote huku bado kulikuwa na kambi.

Mashahidi wanaokumbukwa hapa wananivuruga hesabu yangu. Wengi walikuwa watu wa Uamsho, walokole tunavyowaita, harakati iliyotoka Rwanda miaka ya 1930 na kuenea hadi milima hii, na wimbo wake wa Tukutendereza. Walikataa kula kiapo kwa sababu walishainywa damu ya Yesu na hawakutaka nyingine juu yake. Hilo liliwaponza kwa Mau Mau. Na wapo waliokataa vilevile kushika bunduki ya homgadi, hata mkuki. Hilo likawafanya washukiwe na serikali.

Nimekaa kwenye benchi nikifikiri juu yao kuliko nilivyopanga. Ukisema kila mtu alisukumwa na shamba lake, hawa hawaingii. Wengine walikuwa na mashamba, wengine hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni ndugu wengine wa kukutana nao kila wiki, waliokwisha kuamua pamoja. Sidhani mtu peke yake nyumbani kwake angeweza kusema hapana mara mbili.

Alhamisi, njiani

Mvua. Daraja dogo limefunikwa na maji, tumelala kwenye nyumba ya wageni tusiyoitarajia. Chai ya maziwa, na Mwalimu akinisimulia viapo.

Watu wa nje hudhani kiapo ndicho kilichowatenga watu. Ukweli ni kwamba karibu kila mtu alikula. Unaitwa jioni kwa jirani, labda unaambiwa kuna nyama. Unaingia, mlango unafungwa nyuma yako, unavuka upinde wa majani ya migomba, unakula ulichopewa kula na kusema unayoambiwa useme: sitauza ardhi kwa mgeni, sitawataja wenzangu, nikikiuka kiapo hiki kiniue. Anayesita anapigwa. Unatoa ada, unarudi nyumbani kabla ya alfajiri. Serikali yenyewe ilikisia kwamba idadi kubwa mno ya Wakikuyu walikuwa wamekula kiapo cha kwanza, na ndani ya hao walikuwamo machifu wadogo, makarani na wengi waliokuja kuwa homgadi.

Kwa hiyo ukiuliza fulani alikula kiapo, hujauliza kitu. Inabidi uulize alifanya nini mwaka uliofuata, na nani alikuwa akimtazama.

Ijumaa, Nyeri, upande wa Tetu

Nyumbani kwa kina Mwalimu. Sasa nimejua kwa nini alitaka tufike.

Baba yake alikula kiapo katikati ya 1952, pamoja na kaka yake mkubwa, usiku mmoja, nyumba moja. Oktoba ile Chifu Nderi aliuawa kwa mapanga alipokwenda na polisi wachache kutawanya mkutano wa kiapo, na serikali ikajibu kwa kukamata mifugo ya vitongoji vizima. Maelfu ya ng'ombe walichukuliwa huku Nyeri. Kaka mkubwa akaingia msitu wa Aberdare mwanzoni mwa 1953. Baba yake Mwalimu, miezi michache baadaye, akapewa mkuki na utepe wa mkononi, akawa homgadi.

Shangazi yake Mwalimu ndiye aliyebaki wa rika lile, na ndiye tuliyekuja kumsikiliza. Anaona vibaya lakini anasikia kila kitu. Nilimsalimia kwa Kiswahili changu cha Mombasa, akacheka, akasema nimwite Tata kama Mwalimu anavyomwita.

Kwa nini ndugu yako mmoja aliingia msituni, Tata? Kwa sababu alikuwa na kesi. Alikuwa karani wa mkutano fulani wa KAU, chama cha siasa cha Kenya African Union, jina lake lilikuwa kwenye karatasi, na waliotajwa karatasini walikuwa wanakamatwa. Wenzake wawili walishachukuliwa. Alikwenda msituni akidhani ni wiki chache.

Na mwingine? Kwa sababu ya ng'ombe. Nyumba yenye mtu msituni ilinyang'anywa mifugo. Kulikuwa na ng'ombe watatu na mama mzee. Mtu mmoja akibeba mkuki wa serikali, ng'ombe wanabaki, na ile kodi maalumu ya shilingi 20 waliyotozwa Wakikuyu, Waembu na Wameru haikumhusu.

Kwa hiyo walipanga? Tata akanyamaza kidogo, akasema hawakupanga, lakini hakuna aliyeshangaa. Kwa mwaka mzima homgadi huyu aliacha mahindi kwenye shina la mti fulani, na zamu yake ikiangukia upande huo, doria haikupita. Mwalimu anasema kuna nyumba nyingi za hivi Nyeri, na kwamba makamanda Waingereza walijua, ndiyo maana bunduki zilichelewa kutolewa kwa homgadi.

Halafu ukaja 1954. Januari Jenerali China wa Mau Mau, yaani Waruhiu Itote, aliyepigana Burma na jeshi la Mfalme, alikamatwa. Aprili 24 Nairobi ikazingirwa katika Operesheni Anvil, makumi ya maelfu wakakamatwa, na njia za risasi, dawa na pesa kwenda msituni zikakatika. Kuanzia Juni watu wakavunjiwa nyumba zao na kusukumwa kwenye vijiji vya lazima, vyenye uzio na mnara wa walinzi: watu zaidi ya milioni moja, vijiji 854, chini ya miaka miwili. Wanawake wakachimbishwa handaki pembezoni mwa msitu na kupanda vijiti vilivyochongwa ncha ndani yake. Sasa mahindi hayakuweza kuachwa shinani. Na upande utakaoshinda ulionekana.

"Hapo ndipo alipokuwa homgadi kweli," akasema Tata.

Mwalimu hakutafsiri sentensi iliyofuata mara moja. Tata alikuwa akichimba handaki lile. Waliowasimamia wakiwa na viboko walikuwa vijana wa vitongoji vya jirani, aliowajua kwa majina ya mama zao. Aliyotendewa yeye na wenzake ndani ya kambi ile usiku alimsimulia Mwalimu zamani, mbele yangu hakurudia. Alisema tu kwamba ndugu yake alikuwa zamuni, na kwamba alikula naye meza moja miaka arobaini baadaye bila kumsamehe.

Nimeandika haya jioni. Nilikuja nikitafuta sababu zinazoeleweka na nimezipata: kesi, ng'ombe watatu, mama mzee. Sababu ya kuingia zamu ninaielewa kabisa. Iliyomfanya akae kimya zamuni sijaambiwa na mtu, na ng'ombe hawaielezi.

Jumamosi, ukingo wa msitu

Tumepanda hadi Kahigaini, mahali alipokamatwa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, 21 Oktoba 1956. Ni pembe tu ya mashamba chini ya msitu. Alikuwa peke yake, na njaa, akavuka handaki usiku kutafuta chakula. Aliyempiga risasi ya mguu alikuwa Ndirangu Mau, askari wa utawala, Mkikuyu. Kimathi alishtakiwa Nyeri na kunyongwa Kamiti 18 Februari 1957.

Hapa nilitaka hatimaye kukutana na mtu aliyechagua kwa imani kamili, na huenda Kimathi ndiye. Lakini hata jeshi lake, ukiliangalia, limejaa watu waliofukuzwa kuingia humo: maskwota waliorudishwa kwa malori kutoka Bonde la Ufa mwishoni mwa 1952 na 1953, baadhi kwa kukataa kupigwa picha za kadi mpya za utambulisho, vijana waliokimbia msako, wengine waliochukuliwa kwa nguvu. Imani wengi waliipata humohumo, kwa baridi na nyimbo na maziko. Na iliwezekana kuipoteza haraka. Vikosi bandia vilivyomsaka Kimathi viliundwa na wapiganaji waliokamatwa na kugeuzwa, wengine ndani ya siku chache, wakarudi msituni na mavazi yaleyale kuwawinda waliolala nao jana. Sikubaliani na wanaowaita hao wasaliti kwa wepesi wakiwa wameketi Nairobi. Sikubaliani pia na Mwalimu anayesema hakukuwa na usaliti kabisa, hali tu. Tumebishana hadi tukashuka.

Jumapili, Tetu tena

Baada ya kanisa Mwalimu ametoa hatimiliki ya baba yake.

Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulitaka vipande vilivyotawanyika vikusanywe kuwa shamba moja lenye hati. Wakulima wa Nyeri wenyewe walikuwa wameanza mapema, na kwa kilimo si wazo baya. Ila upimaji ulifanyika wakati nusu ya wenye haki walikuwa vizuizini au msituni. Kamati za kusikiliza mipaka zilikaliwa na homgadi na marafiki wa chifu. Cheti cha utiifu kilifungua mengine: ruhusa ya kusafiri, leseni, kahawa. Katika uchaguzi wa Machi 1957, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru asiye na cheti hicho hakupiga kura.

Kaka mkubwa alikamatwa akiwa hai, akapitia vizuizi kadhaa, akarudi 1959. Shamba lake lilikuwa limehamishiwa bondeni, penye mawe na kivuli. La mdogo wake lilikuwa juu, kando ya barabara. Mwaka 1962, pale Githunguri, Kenyatta akawaambia watu kwamba Mau Mau ulikuwa ugonjwa uliokwisha na usikumbukwe. Desemba 1963 wapiganaji wakatoka msituni, wengi wakaja Ruring'u hapa Nyeri. Ardhi ya walowezi kule Kinangop ikagawiwa kwa mkopo na malipo ya kutangulizia, na mwenye kahawa ndiye aliyekuwa nayo. Baba yake Mwalimu akanunua kipande huko pia.

Mchana tulishuka bondeni kwa binamu yake. Mwalimu, ambaye nadhani ndicho alichokuja kufanya, akamwambia yuko tayari kubadilishana nusu ya shamba la juu, mpima aitwe, gharama yake. Binamu akasikiliza hadi mwisho. Akasema atawauliza wanawe. Akasema pia kwamba mpima yule asitoke ofisi ileile iliyopima mara ya kwanza, na hapo wakaanza kubishana juu ya nani wa kuitwa, kwa Kikuyu cha haraka ambacho hakuna aliyenitafsiria.